Safu ya Jina la Mama

Timau,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo, na Mungu ajalie zikukute umeketi, si umesimama, maana nakujua. Goti linaendeleaje? Kaka yangu Antony ameniambia kwamba ile dawa ya kupaka uliyopewa hospitalini umempaka ng'ombe mguuni, na kwamba ng'ombe amepona vizuri sana. Nimecheka, lakini sikufurahi. Dawa ile ilikuwa yako. Majani chai nayo yakoje? Huku tunasikia mvua imewakumbuka watu wa Runyenjes mwezi huu. Nisalimie Antony na mkewe, na akina mama wote wa kanisani wanaonikumbuka, hata yule anayenikumbuka ili apate la kusema. Mimi ni mzima kabisa. Baridi ya Timau haijabadilika, na sweta uliyonifumia naivaa kila siku chini ya ile ya kununua, kwa hivyo usidhani naionea haya.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo. Ukweli ni kwamba kwa simu hunipi nafasi, Mama. Nikianza jambo unalimaliza wewe, tena unalimalizia mahali ambapo mimi sikuwa naenda. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiembu chetu nakisema bila kujikwaa, lakini kukiandika kunanishinda, na wewe Kiswahili unakisoma kila siku kwenye Biblia yako. Mwalimu mwenzetu anashuka Embu wiki hii, atakuletea hadi mkononi. Isome peke yako kwanza.

Nina ombi moja. Linahusu mwanafunzi wangu mmoja anayeitwa Maxine, mtoto aliyekuwa karibu kuachwa nje ya orodha ya shule, na nje ya mambo mengine makubwa kuliko orodha. Nikikuomba sasa hivi utakataa kabla hujasikia. Kwa hivyo vumilia nikueleze kwanza habari za kompyuta, na unisamehe nikijisifu njiani, kwa sababu nitajisifu.

Mwanzoni mwa mwaka shule yetu ililetewa tableti na programu ya darasa. Kazi ya programu hiyo ni kumpunguzia mwalimu mzigo. Asubuhi unaita majina ukiyagusa kwenye kioo, na mtoto asipofika mzazi wake anapata ujumbe kwenye simu hapo hapo. Alama nazo zinakaa mahali pamoja hadi mwisho wa mwaka. Ni kitu kizuri, usimsikilize Mwalimu Mutegi. Mutegi ni naibu wa mwalimu mkuu, mtu wa mwandiko mzuri na ulimi mkali, na siku tableti zilipokuwa zikishushwa kwenye gari aliuliza kama zinaweza kufuta ubao.

Lakini programu hiyo haijui mtoto hata mmoja mpaka uilishe majina. Huyaandiki moja moja kwenye tableti, utazeeka hapo. Unayapanga kwenye kompyuta, kwenye jedwali la Excel, kila mtoto na mstari wake, kila habari na safu yake: jina, jina la ukoo, gredi, simu ya mzazi. Jedwali likiwa tayari unalipakia lote kwa mara moja, na programu inajigawia watoto darasa kwa darasa. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Muriithi, aliuliza kwenye mkutano ni nani anayeifahamu Excel. Walimu wote wakaanza kutazama viatu vyao. Mimi nikainua mkono. Unaikumbuka ile kozi niliyofanya Embu mjini likizo ile, ukalalamika kwamba nabonyeza vitufe badala ya kukusaidia kuchuma majani? Ndiyo hiyo hiyo, Mama. Imenivika kilemba.

Nilizunguka madarasa yote nikikusanya majina. Walimu wengine walinipa karatasi zilizomwagikiwa chai, wengine walinitajia kwa mdomo huku wakifundisha. Nikaandika kila mtoto kama anavyoitwa hapa shuleni, jina lake la nyumbani na jina la ukoo. Yale ya ubatizo niliyaacha, maana hapa hayaitwi sana, na namba za usajili nusu ya watoto bado hawana. Nilipomaliza jedwali lilikuwa safi kama kitanda cha mgeni. Nikalipakia huku Bwana Muriithi amesimama nyuma yangu, mikono mfukoni. Programu ikalisoma, ikatulia kidogo, kisha ikaniuliza: kuna mistari inayojirudia, je, iiunganishe? Mimi nikafikiri ni uzembe wa mwalimu fulani aliyenitajia mtoto wake mara mbili. Nikagusa ndiyo, tena kwa maringo.

Hapo nilikosea, na ni kosa ambalo mtu wa mbali angesamehewa, si mimi. Juu kidogo ya shule yetu kuna boma la marehemu Mzee Mbaabu. Mkewe, Nyanya Karimi, yuko hai na ana nguvu. Wana wao wanne wamejenga hapo hapo, na kila mmoja binti yake wa kwanza amempa jina la huyo mama yao, kama inavyofanywa huku na kama tunavyofanya sisi kwetu. Na wote wanatumia Mbaabu kwa jina la ukoo. Kwa hivyo shule yetu ina Karimi Mbaabu wanne, kuanzia gredi ya pili hadi ya nane. Programu iliona jina lile lile kila mara, ikadhani ni mtoto mmoja aliyeandikwa ovyo, na mimi nikaipa ruhusa. Tangu siku hiyo tukawa na Karimi mmoja tu, anayesoma gredi nne kwa pamoja, aliye mdogo wa kushikwa mkono na mkubwa wa kutafuta eneo la duara, na mwenye baba wanne.

Mwanzoni hakuna aliyetambua, kwa kuwa wote walikuja shule na kila mwalimu alimwona wake kwenye kioo. Kisha yule mdogo akaumwa na jino, mama yake akamwacha alale. Mwalimu wa gredi ya pili akamweka kwamba hayupo. Ujumbe ukaenda kwa simu zote nne: mtoto wako Karimi hajafika shuleni leo.

Sasa cheka, Mama, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka. Umemwona mtoto akitoka na sare yake, kisha unaambiwa hajafika, na kati ya nyumba na shule kuna barabara kubwa na malori ya ngano. Baba mmoja aliacha trekta likinguruma katikati ya shamba. Mwingine alikuja na ndala, nyingine ya kwake na nyingine ya mkewe. Wa tatu alifika akiwa amepotewa na sauti kwa kuita njia nzima. Hata baba wa yule mwenye jino alikuja, maana alikuwa ametoka kwake mapema na hakujua mtoto amebaki. Na nyuma yao, polepole lakini bila kusimama, akaja Nyanya Karimi mwenyewe na fimbo yake.

Watoto walikuwa madarasani, wamekaa, hawana habari. Tukawatoa nje. Walikumbatiwa kwa hasira, vile sisi hufanya, huku wakitikiswa na kuulizwa walikuwa wapi wakati hawakuwa wameenda popote. Nyanya akataka kujua ni nani aliyefanya jambo hilo, nami nikaonyeshwa kwa kidole, na kidole kilikuwa cha Mutegi. Nyanya alinisemesha kwa Kimeru. Wewe na mimi tunakielewa kikisemwa taratibu, na yeye hakusema taratibu. Alisema Mungu amemjalia kujiona mara nne kabla hajafa, na sasa amekuja mwalimu kutoka Embu akawazika watatu kwa kugusa kioo. Watu wa Embu wote wakaingizwa hapo, pamoja na ukoo wangu na chuo nilichosomea. Na alisema kweli.

Mutegi, akitaka kuonekana mwenye busara, akapendekeza watoto wapewe namba: Karimi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Bwana Muriithi akakubali kwa kichwa. Nyanya alipotafsiriwa alimtazama Mutegi kutoka juu hadi chini, akauliza kama hao ni ng'ombe wa josho. Akasema hakuna mjukuu wake atakayekuwa wa pili wala wa nne, kila mmoja ni yeye mzima. Mutegi akakumbuka kwamba ana somo la kufundisha.

Wazee wakawa wanaondoka, mimi nimebaki na tableti yangu na aibu yangu. Ndipo mmoja wa wale baba, akiwa ameshafika langoni, akageuka kumwita binti yake amsalimie kabla hajarudi darasani. Akaita, "Karimi wa Kendi, kuja hapa!" Akaja mmoja tu. Wale wengine hawakugeuka hata shingo. Mama, hapo ndipo akili ya binti yako ilipowaka. Kendi ni mama wa huyo mtoto. Nyumbani hawachanganyiki kamwe, kwa sababu kila Karimi ana mama yake, na ndivyo sisi pia tunavyosema kwetu tukiwa na watoto wa jina moja. Tulikuwa tumejaza kila kitu kwenye jedwali tukawaacha akina mama nje.

Nikaenda kwa Bwana Muriithi nikamwambia nataka kuongeza safu moja, ya jina la mama, na simu yake ikae hapo, ujumbe uende kwake kwanza. Alisita, akasema wenye programu hawakuiweka. Nikamwambia programu inaruhusu kuongeza safu ila hakuna aliyewahi kuisoma mpaka mwisho isipokuwa mimi. Akanitazama, akacheka, akasema niendelee. Nikaenda mbali zaidi. Nikaweka sharti kwamba safu hiyo ikikosa kujazwa, mtoto hapokelewi, ili mwalimu mvivu asiruke. Nikatangaza sharti hilo kwenye mkutano kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi.

Ungekuwepo siku ambayo akina mama walikuja kutajwa! Shule yetu ina watoto wengi wa vibarua wa mashamba ya maua, na wengi wao wanalelewa na mama peke yake. Kwenye fomu za zamani walikuwa wakifika kwenye nafasi ya baba wanainamisha kichwa. Sasa walikuja wakiwa bado na aproni za kazini, wakasema majina yao kwa sauti, majina kamili, kisha wakaomba waonyeshwe kwenye kioo. Mmoja alilipiga picha jina lake kwa simu. Aliniambia kwamba tangu azae hajaitwa jina lake mahali popote isipokuwa kwenye foleni ya mshahara. Afisa wa elimu alipotutembelea baadaye alikaa na mimi, akauliza, akaandika, na muhula ujao nitawafundisha walimu wa shule jirani jinsi ya kupanga orodha zao na kuzipakia bila kumpoteza mtoto. Bwana Muriithi alinitambulisha kwake kama mtaalamu wetu. Mtaalamu, Mama. Mwambie yule wa kanisani.

Sasa nimefika kwa Maxine. Jedwali jipya nililipakia, likapita lote, Karimi wote wakarudi kila mmoja mahali pake, ila mstari mmoja ukabaki mwekundu. Programu ilisema safu ya mama iko tupu na kwamba haitampokea mwanafunzi huyo. Sharti hilo lilikuwa langu, nililiweka kwa mkono wangu. Na mtoto huyo alikuwa wa gredi ya tano, darasa langu mwenyewe. Kila asubuhi nikawa naita majina yote kwenye tableti, kisha naiweka mezani na kusema, na Maxine. Wenzake wakaanza kunisaidia. Nikimaliza kuita wanasema wote kwa pamoja, na Maxine, kisha wanacheka. Yeye alicheka pamoja nao kwa muda, baadaye akaacha.

Nilimwita saa ya chakula nikamuuliza mama yake anaitwa nani. Akasema anaitwa Mama Maxine. Nikamwambia nataka jina lake mwenyewe, akanitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya upepo. Nilikwenda hadi kwenye nyumba za kupanga alikoishi, nikamkuta Cicily, mwanamke wa Kangeta aliyekuwa akimlea, naye hakujua. Yeye na mama wa Maxine walifanya kazi pamoja, wakapanga chumba pamoja, na kule kwenye maploti, hizo nyumba za kupanga, kila mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Huyo mama alikuwa kibarua wa siku. Alipoondoka kwenda kutafuta kazi kwenye shamba jingine alimwachia Cicily mtoto, wakati huo yuko nasari, akasema atarudi mwisho wa mwezi. Hakurudi, na simu yake haikupatikana tena. Nimeuliza kwenye mashamba ninayoweza kuuliza. Hakuna anayemkumbuka ila kama Mama Maxine. Cicily hamsemi vibaya, na mimi pia sitamsema vibaya, kwa kuwa sijui kilichompata.

Nilimwomba Cicily nimwandike yeye. Akakataa, akasema hataki kuandikwa mama wa mtoto ambaye hajui atakuwa naye hadi lini. Bwana Muriithi, ambaye ni mtu mwema lakini alikuwa akimngoja yule afisa, akaniambia niweke kistari nifunge orodha. Akasema programu haijui tofauti kati ya kistari na mama, itapokea tu. Ni kweli, ingepokea. Maxine mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na vitabu nilivyomtuma. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayesaidia, "Ticha, weka tu kamstari. Hata kule nasari waliweka."

Mama, sikuweza. Nilikuwa nimeshika kipanya, na kistari kiko hapo kwenye kibodi, na kidole hakikwenda. Niliwaza wale baba wanne wakikimbia. Mtoto mmoja aliumwa na jino na trekta likaachwa shambani. Huyu asipofika shule siku moja, ujumbe utaenda kwa kistari? Ni nani atakayetoka na ndala zisizofanana? Nikaandika jina langu, Wanjira Njiru. Kwenye simu nikaandika namba yangu. Mstari ukageuka mweusi kama wengine, na Bwana Muriithi akasema vema, akidhani nimetafuta tu njia ya kuipita mashine. Hata mimi siku hiyo nilijiambia hivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi niliita majina, na kwa mara ya kwanza tangu sharti lile, jina la Maxine likafika kwa zamu yake, katikati ya wengine. Aliitika kwa kishindo hadi darasa la jirani likasikia. Wiki kadhaa zikapita hivyo. Kisha siku moja nikaita, kimya. Nikamweka hayupo, kama ninavyofanya kwa yeyote, na kabla sijaita jina linalofuata simu yangu ikalia mfukoni. Nikaitoa. Mtoto wako Maxine hajafika shuleni leo.

Maneno hayo ninayajua, nimeyaona kwenye programu mara nyingi. Lakini sikuwa nimewahi kuyapokea. Nilisimama nayaangalia, mtoto wako, mtoto wako. Nikamwachia kiongozi wa darasa chaki, nikatoka. Mutegi aliniona nikivuka uwanja mbio, akaniuliza kama nafukuzwa. Nilimkuta Maxine kwa Cicily, amekaa juu ya gunia akilikandamiza ili lifungike. Chumba chote kilikuwa kimefunguliwa, godoro limekunjwa. Cicily alikuwa anarudi Kangeta kwa mumewe, na mumewe alikuwa amesema waziwazi kwamba hataki mtoto wa mtu asiyejulikana. Alilia akinieleza. Alisema alikuwa anafikiria kumpeleka kwa chifu siku hiyo ya kuondoka, kwamba hakuwa na pengine. Na Maxine anamsaidia kufunga mizigo ambayo yeye hakuwemo. Nilimshika mkono nikamkemea kwa kukosa shule, nikamkemea sana, mpaka nikashindwa kuendelea kwa sababu nilikuwa nalia mimi. Nikamwambia alete nguo zake.

Kwa hivyo sasa ujue, Mama. Yule mtoto ambaye umekuwa ukimsikia kwenye simu akiimba, nikakuambia ni wa jirani, si wa jirani. Anaishi na mimi tangu shule zilipofunguliwa baada ya likizo ya Agosti. Nimekwenda kwa chifu, nimekwenda ofisi ya watoto, na karatasi za kunitambua kama mlezi wake zinashughulikiwa. Afisa wa watoto alikuja kuona ninapoishi, akaonja githeri yangu, akaandika. Mama yake akitokea siku moja atamkuta ameshiba na anasoma, tutakaa chini tuzungumze kama watu wazima. Lakini mpaka siku hiyo ujumbe ule unakuja kwangu, na nikiupata nakimbia. Kwa hilo siombi ruhusa. Nina furaha nalo kuliko kilemba cha utaalamu.

Ninachokuomba ni kingine. Mtoto huyu ana jina moja tu. Wale Karimi wamembeba nyanya yao kwa jina. Mimi nimembeba mama yake Baba. Karibu kila mtoto ninayemwita asubuhi amembeba mtu aliyemtangulia, ila huyu. Nataka abebe jina lako, aitwe Rwamba.

Najua utakachosema. Utasema jina hufuata damu, na kwamba Rwamba wako wapo tayari, wa Antony na yule wa pili wa dada yangu Mukami. Na kila Krismasi umekuwa ukiniuliza mbele ya watu ni lini nitakuletea wa kwangu, nami nikaenda jikoni kutazama chai ambayo haijawekwa motoni. Sasa nimekuletea, Mama. Hakuja kwa njia uliyoitarajia, hata mimi sikuitarajia. Lakini sikiliza. Juzi alimrudisha muuza viazi hadi sokoni kwa sababu debe lake lilikuwa limebonyezwa kwa chini. Alilipindua mbele ya watu, akalionyesha, akamwambia aende alete debe zima. Mimi nilikuwa dirishani. Nilicheka mpaka nikakaa, kwa sababu sauti ile naijua, imenilea.

Ningeweza kuwa nimeshaliandika jina hilo. Jedwali liko mikononi mwangu na hakuna anayelielewa kuliko mimi. Sijaliandika, wala sijamwambia Maxine neno lolote, kwa sababu jina la mtu aliye hai anayelitoa ni mwenyewe. Niliwahi kuwachezea watu majina yao kwa kidole, na Nyanya Karimi alinifunza adabu.

Tutakuja shule zikifungwa. Nakujua unavyopokea wageni. Wajukuu wa jina lako unatoka kuwalaki getini, ukiita jina lako mwenyewe mpaka majirani wasikie. Wengine wote unawangojea ndani, na chai unawapa vilevile. Sitakupigia simu kukuuliza umeamuaje. Nitafungua geti, nitasimama naye hapo kidogo. Ukibaki ndani nitaelewa, tutaingia, tutakusalimu kwa heshima, naye atakuwa Maxine wangu kama alivyo. Lakini ukitoka, Mama, ita kwa sauti kubwa, tena uite zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza atageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Nimalizie hapo kabla karatasi haijaniishia. Maxine anajua kwamba nakuandikia, na anauliza kama kwenu kuna mbwa. Nimemwambia yupo lakini ni mzee. Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri na watu wema wa kukuchumia majani mpaka nifike.

Ni mimi binti yako,
Wanjira Njiru